Namna ya Kuchora Ramani ya Urithi wa Selimundu katika Familia Yako

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaribia kuoa au kuolewa, na vilevile ni wa mzazi ambaye tayari ana mtoto anayehudhuria kliniki ya selimundu, yaani sikoseli, naye amechoka kuulizwa na ndugu ugonjwa huo umetoka upande gani. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na kila mwaka, somo la urithi linapomalizika, hubaki mwanafunzi mmoja darasani akisubiri wenzake watoke, kisha husogea mezani na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mdogo wangu ana sikoseli, lakini baba hana na mama hana. Inawezekanaje?" Swali hilo lina jibu kamili, na jibu lenyewe linaweza kuchorwa kwa penseli katika ukurasa mmoja wa daftari. Anayeweza kulichora ataweza pia kuwaeleza wakwe na mawifi kwa nini hakuna ukoo unaostahili lawama, na ataweza kuamua mapema ni nani katika familia apimwe.

Nimechagua selimundu kwa sababu hurithiwa kwa njia iliyo wazi kuliko sifa nyingi za binadamu, na kwa sababu ni jambo letu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Ni vigumu kupata mtaa wa Dar es Salaam usiokuwa na nyumba inayoujua.

Mambo ya kuelewa kabla ya kushika penseli

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46 zilizopangwa katika jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Kromosomu hizo hubeba vinasaba, yaani maelekezo ya mwili yaliyoandikwa kwa kemikali, na kila fungu la maelekezo ya kutengeneza kitu fulani ndilo tunaloliita jeni. Binadamu ana jeni takriban 20,000 zinazoelekeza utengenezaji wa protini. Kwa kuwa kromosomu huja mbili mbili, jeni nyingi nazo huja mbili mbili, nakala ya mama na nakala ya baba; lakini yai moja au mbegu moja ya kiume hubeba nakala moja tu kati ya hizo mbili, na ni bahati pekee inayoamua ni ipi. Kanuni hii ilitambuliwa na Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere kwa miaka kadhaa katika bustani ya monasteri mjini Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866, wakati ambapo hakuna aliyejua kromosomu zina kazi gani.

Jeni inayotuhusu imo katika kromosomu ya 11. Hiyo ndiyo inayoelekeza utengenezaji wa sehemu moja ya himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya damu. Katika nakala ya selimundu, herufi moja tu ya maelekezo hayo imebadilika. Huwa nawaandikia wanafunzi ubaoni sentensi mbili, "Mama amempikia mtoto" na "Mama amempigia mtoto", kisha nawauliza ni herufi ngapi zinazotofautisha sentensi ya kwanza na ya pili. Ni moja, k na g, lakini katika sentensi ya kwanza mtoto anakula na katika ya pili anapokea simu. Ndivyo ilivyo kwa himoglobini. Mnyororo wake wa beta, yaani ile sehemu inayoelekezwa na jeni hii, una asidi amino 146, vipande vinavyounganishwa kuunda protini, na ile ya sita ndiyo pekee iliyobadilishwa. Himoglobini ya namna hii, inayoitwa S, ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, nazo nyuzi huikunja seli hadi ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Seli iliyopinda hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo mgonjwa anapopata maumivu makali ya mifupa. Tena huvunjika mapema: seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu, mwaka 1910, kuhusu seli za namna hiyo katika damu ya mgonjwa wake, lakini ilichukua miaka 39 hadi mkemia wa Marekani Linus Pauling na wenzake walipoonyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe. Hapa Afrika ugonjwa ulikuwapo zamani sana kabla ya jarida lolote, chini ya majina mengine.

Kwa hiyo kuna nakala A, ambayo ni ya kawaida, na nakala S. Mwenye AA hana selimundu na hawezi kumrithisha mtoto nakala ya S. Mwenye SS ni mgonjwa. Mwenye AS huitwa mbebaji: ana afya, anacheza mpira, anabeba mizigo Kariakoo kama wenzake, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Vitabu husema kwamba kwake nakala ya S "imejificha", neno ambalo mimi hulitumia kwa tahadhari, kwa sababu katika damu yake himoglobini S ipo na maabara huiona. Kilichojificha ni ugonjwa tu, kwa kuwa himoglobini A aliyonayo, ambayo huzidi kidogo nusu, inatosha kuzizuia seli zisipinde katika maisha ya kawaida.

Ni lazima pia tueleze kwa nini wabebaji ni wengi kwetu, kwa maana hapo ndipo maneno ya laana na mikosi yanapopata nafasi. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya na kufanya kazi Afrika Mashariki, alichapisha ushahidi kwamba watoto wenye AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Katika nchi ambamo malaria iliua watoto kwa vizazi vingi, mtoto mwenye nakala moja ya S alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua, kuoa na kuirithisha nakala hiyo. Ndiyo sababu nakala ya S ni ya kawaida zaidi kwa koo zilizotoka kandokando ya Ziwa Victoria na ukanda wa Pwani kuliko kwa zile za nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu wa malaria hawakustawi. Nakala hiyo iliwaokoa baadhi ya mababu zetu, na wakati huohuo imewagharimu baadhi ya wajukuu wao. Kinga yenyewe si kamili, kwa hiyo mwenye AS naye alale ndani ya chandarua.

Kuchora

Chukua karatasi ya A4 uilaze kwa upana, au fungua ukurasa wa katikati wa daftari la mistari. Tumia penseli, kwa sababu utafuta sana. Mwanamume mchoree mraba na mwanamke duara, na wenzi waunganishe kwa mstari wa mlalo. Kutoka katikati ya mstari huo shusha mstari wa wima, na chini yake panga watoto wao kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata umri, mkubwa akitangulia. Aliyefariki mkate kwa mstari wa mshazari. Mgonjwa mjaze umbo lote. Aliyethibitishwa na maabara kuwa AS mjaze nusu. Aliyethibitishwa AA mwandikie herufi hizo ndani ya umbo. Na yule ambaye hujui chochote juu yake mwekee alama ya kuuliza. Usijaze nusu kwa kukisia. Ramani nyingi za wanafunzi wangu huharibika hapo, kwa sababu mtu akishajaza nusu kwa hisia zake, wiki mbili baadaye huisoma kama ukweli.

Anza na wewe mwenyewe katika safu ya chini, pamoja na ndugu zako, kisha panda kwa wazazi na ndugu zao, halafu babu na bibi wa pande zote mbili. Vizazi vitatu vinatosha.

Shida kubwa zaidi utakayoipata si ya kibaiolojia, ni ya lugha yetu. Kiswahili kimejaa ukarimu wa undugu: mdogo wa baba yako ni baba mdogo, dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, na watoto wao wote ni kaka na dada zako. Ukimwuliza mtu ana ndugu wangapi, anaweza kukutajia kumi na wanne, na ndani yake wamo watoto wa baba mkubwa, mtoto wa jirani aliyelelewa nyumbani, na binti wa rafiki wa baba aliyekuja kusoma na hakuondoka tena. Undugu huo ni wa kweli katika maisha, lakini jeni hazipiti humo. Kwa hiyo, kwa kila jina linalotajwa, uliza swali moja lisilobadilika: "Nani alimzaa, na baba yake ni nani?" Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali wachoree mstari wao, mwanamume mwenye wake wawili huwa na mraba mmoja katikati na maduara mawili pembeni, kila duara na watoto wake. Ndugu wa namna hii wanashirikiana mzazi mmoja tu, na hesabu yao ni tofauti na ya ndugu wa tumbo moja na baba mmoja. Binamu waliooana nao waunganishe kwa mistari miwili ya mlalo badala ya mmoja, kwa sababu wana babu na bibi wale wale, na kama babu huyo alikuwa mbebaji, nakala yake ya S inaweza kuwa imewafikia wote wawili.

Kumwuliza bibi

Dar es Salaam ni mji wa waliotoka kwingine, na habari za ukoo mara nyingi zimebaki Kagera, Mtwara au Tanga. Simu husaidia, lakini habari za watoto waliokufa hazisemwi vizuri kwa simu. Subiri sikukuu au safari ya nyumbani, ukae na mzee akiwa ametulia. Na usianze na neno selimundu, kwa sababu kwa mzee huenda neno hilo halina maana. Uliza alichokiona kwa macho yake.

Nilipochora ramani ya kwetu, nilikwenda kwa bibi mzaa mama Temeke siku moja baada ya Idi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani akichambua mchele katika ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umekuja na madaftari kama karani wa sensa."

Nilimwomba anitajie watoto wake kwa kufuatana. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba aliwazaa watano. Akanitajia sita. Wa tatu, alisema, alikuwa wa kiume, na hakufika miaka minne.

"Alikuwa anaumwa nini, bibi?"

Aliacha kuchambua. Akashika vidole vyake vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kama anayevipima. "Alianza angali ananyonya. Vidole vya mikono na nyayo vilivimba, vikawa kama ndizi mzuzu, analia usiku kucha. Macho ya manjano. Tulipelekwa kwa waganga wawili. Wa kwanza alisema ni mapepo. Wa pili alisema kuna mtu upande wa babu yako."

Kuvimba kwa mikono na miguu kwa mtoto mdogo ni mojawapo ya dalili za mwanzo za selimundu, na huanza baada ya miezi sita hivi, wakati himoglobini ya mimba ambayo humkinga mtoto mchanga inapokuwa imepungua. Dalili nyingine za kuulizia ni macho ya manjano yanayokuja na kuondoka, maumivu ya mifupa yanayorudi, kuongezewa damu mara kwa mara, na bandama iliyovimba upande wa kushoto wa tumbo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha peke yake. Nilichora mraba wa mjomba niliyekuwa sijawahi kumsikia, nikaukata kwa mshazari, nikaandika pembeni "huenda SS" pamoja na alama ya kuuliza, na nikamshukuru bibi. Aliniuliza kama ni kweli kulikuwa na mtu upande wa babu. Nilimweleza kwamba, kama ugonjwa ulikuwa huo, basi nusu ilitoka kwa babu na nusu ilitoka kwake, bila yeyote kati yao kujua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba miaka yote hiyo wifi zake walikuwa wakimwambia neno jingine.

Kuelewa robo

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo fanya kwa mikono badala ya kusoma tu. Weka vikombe viwili vya chai mezani, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Ndani ya kila kikombe tia punje moja ya haragwe, ambayo ni nakala A, na punje moja ya choroko, ambayo ni nakala S. Wazazi wote wawili ni AS. Fumba macho, chukua punje moja katika kila kikombe, ziweke pamoja mezani: huyo ni mtoto wa kwanza. Andika alivyo, kisha rudisha kila punje katika kikombe chake kabla ya kumchukua wa pili. Rudia mara arobaini.

Utapata kwamba karibu robo ya watoto ni haragwe mbili, yaani AA. Karibu nusu ni haragwe na choroko, AS. Na karibu robo ni choroko mbili, SS. Karibu, nasisitiza. Darasani kwangu kundi moja lilipata choroko mbili mara tatu katika majaribio matano ya mwanzo, na kundi la dirishani likafika mara kumi na moja bila kuzipata hata mara moja. Tulipojumlisha madaftari yote ndipo robo ilipojitokeza.

Kitendo muhimu kuliko vyote katika zoezi hili ni kuzirudisha punje. Kila mimba huanza upya na vikombe vilivyojaa. Wazazi waliokwisha kumpata mtoto mmoja mwenye SS husikika wakisema kwamba mmoja kati ya wanne wameshampata, basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Na kuna wengine wanaoamini kwamba kwa kuwa watatu wa mwanzo ni wazima, wa nne lazima aumwe. Vikombe havina kumbukumbu. Kwa wazazi wawili wa AS, uwezekano ni robo kwa mtoto wa kwanza, robo kwa wa pili, na robo kwa wa saba. Zidisha robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu, utapata kwamba kati ya familia 100 za namna hiyo zenye watoto watatu, takriban 42 hazina mgonjwa yeyote. Familia hizo hazijui kwamba zina nakala ya S, na zitaendelea kuipitisha kwa wajukuu kimyakimya. Ndiyo maana kusema "kwetu haipo" bila kipimo hakuthibitishi kitu.

Badilisha punje vikombeni ili uone hali nyingine. AS akizaa na AA, hakuna mtoto mwenye SS, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji. SS akizaa na AA, watoto wote ni AS. SS akizaa na AS, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kuwa mgonjwa, na aliyesalimika ni mbebaji kwa hakika. Hayo yatoshe, kwani vikombe vyenyewe vinafundisha kuliko maneno yangu.

Hesabu ya ndugu aliye mzima

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana waliomaliza shule ni hili: "Kaka yangu alikuwa na sikoseli, mimi sina. Je, mimi ni mbebaji?" Wengi hujibu kwamba uwezekano ni nusu. Jibu sahihi ni theluthi mbili, na sababu yake ni rahisi ukiwaza polepole. Wazazi wa mgonjwa kwa kawaida wote ni AS. Kati ya hali nne zinazolingana, moja ni AA, mbili ni AS na moja ni SS. Wewe ni mtu mzima mwenye afya, kwa hiyo tunajua tayari kwamba hali ya SS siyo yako, iondoe. Zimebaki tatu, na mbili kati yake ni AS.

Mama yangu, kwa hesabu hiyo, alikuwa na uwezekano wa theluthi mbili kuwa mbebaji, ikiwa kweli mdogo wake wa kiume alikuwa na SS. Mbebaji humpa kila mtoto nakala ya S kwa uwezekano wa nusu, kwa hiyo mimi nilikuwa na theluthi moja kupitia kwake, kabla hata ya kuuliza lolote kuhusu upande wa baba. Dada zangu wawili kila mmoja alikuwa na theluthi yake.

Chukua mfano mwingine. Kijana ambaye kaka yake alikuwa na SS anataka kuoa msichana ambaye familia yake haijulikani. Tuseme mtu mmoja kati ya wanane ni mbebaji, kiwango kisicho mbali na makadirio ya Tanzania. Zidisha theluthi mbili kwa moja ya nane kwa robo, utapata moja ya 48 kwa kila mtoto. Namba hiyo ni ya kweli kama makadirio, lakini haimsaidii mtu kupanga maisha yake, kwa sababu ukweli wa wachumba hao ni mmoja kati ya miwili: ama wote ni AS na uwezekano ni robo, ama sivyo na haupo kabisa. Ramani hukuonyesha nani apimwe kwanza, na damu ndiyo inayotoa jibu.

Yanayochanganywa

Kadi ya kliniki iliyoandikwa "A+" haisemi chochote kuhusu selimundu. Makundi ya damu A, B, AB na O, yaliyogunduliwa na daktari Karl Landsteiner na wenzake mwanzoni mwa karne ya 20, huamuliwa na jeni nyingine kabisa iliyo katika kromosomu ya 9, na kufanana kwa herufi A ni bahati mbaya ya majina. Nimewahi kukutana na wachumba walioambiana wako salama kwa sababu wote ni kundi O. Hawakuwa wamepimwa himoglobini hata mara moja.

Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kumpata mtoto wa kundi O, kwa kuwa kila mmoja anaweza kuwa na nakala ya O isiyoonekana. Wanawake wamefukuzwa majumbani kwa kutojua jambo hili dogo. Vivyo hivyo kwa jinsia ya mtoto: mama ana kromosomu X mbili na hutoa X siku zote, ilhali baba hutoa X au Y, kwa hiyo mwanamke anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa kwa jambo ambalo mbegu ya mume ndiyo iliyoliamua, naye mume hakuchagua.

Usijaribu kutumia ramani hii kwa urefu, rangi ya ngozi au akili za darasani. Sifa hizo hutokana na jeni nyingi kwa pamoja, zikichanganyika na chakula, maradhi na malezi. Hata kukunja ulimi, ambako bado kunafundishwa katika madarasa mengi kama mfano wa jeni moja, hakufuati kanuni hiyo. Hata mapacha wanaofanana kabisa huweza kutofautiana, mmoja akaweza kuukunja na mwingine asiweze. Ualbino unafaa, kwani nao huhitaji nakala mbili, moja ya kila mzazi, na zoezi la haragwe na choroko hueleza vizuri jinsi wazazi wawili weusi wanavyompata mtoto mwenye ualbino bila kosa la mtu.

Kupima na kuandika matokeo

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, uulize kama wanapima aina ya himoglobini au watakupa rufaa. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo kliniki ya selimundu, na utafiti mkubwa wa wagonjwa ulianza pale mwaka 2004. Uliza jina la kipimo. Kuna kipimo cha haraka cha zamani kinachoonyesha tu kama seli hupinda, na hicho hakitofautishi AS na SS. Unachohitaji ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini na kuandika matokeo kwa herufi mbili. Mweleze mhudumu kama umeongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, kwa sababu damu ya mtu mwingine iliyomo mwilini mwako inaweza kupotosha majibu. Mtoto mchanga naye anaweza kupimwa kwa tone la damu ya kisigino, na ni vyema apimwe mapema kama wazazi wote ni AS: anayejulikana kuwa na SS akiwa mchanga huanzishiwa penisilini na chanjo kabla maambukizi hayajamfikia, na daktari ataamua wakati wa kumwanzishia haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.

Ikitokea majibu hayalingani na ramani, kwa mfano mtoto ana SS lakini mzazi mmoja ameandikiwa AA, usimtuhumu mtu. Rudieni vipimo kwanza. Karatasi huchanganywa, damu ya kuongezewa hupotosha, na zipo hali nyingine za himoglobini, kama thalasemia ya beta, zinazoweza kumfanya mtoto aonekane SS hali mzazi mmoja hana S. Kipimo cha himoglobini hakikuwekwa kwa ajili ya kutambua baba; jambo hilo lina kipimo chake cha vinasaba katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009, na lina taratibu zake.

Majibu yangu yalikuja AS. Mama yangu naye alipimwa, akawa AS. Dada mmoja ni AA, mwingine ni AS, na mke wangu ni AA. Nilifuta alama za kuuliza moja baada ya nyingine na kujaza nusu kwa kalamu ya wino. Mraba wa mjomba haukupata jibu na hautapata, kwa hiyo penseli yake imebaki.

Andika tarehe ya kila kipimo na jina la kipimo pembeni ya umbo la mhusika, na usimwonyeshe mtu majibu ya mwingine bila ridhaa yake. Binamu anayetaka kujua hali ya dada yako amwulize dada mwenyewe. Ramani iweke katika bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa, na acha inchi tatu tupu chini ya safu ya mwisho kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.